Mwaka Tulioifungua Silanga

Nyinyi vijana mkifika hapa, kitu cha kwanza ni simu. Mnapiga picha ndizi, mnapiga picha bata, kisha mnanipiga mimi nikiwa nimeegemea jembe, jembe ambalo siku hizi nalishika kwa ajili ya picha tu, maana mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Halafu mmoja wenu ananiuliza, "Mzee, hii kitu yote mlitengeneza aje?" na kabla sijafungua mdomo ameshatoa kalamu, akitaka jibu la mstari mmoja.

Sina jibu la aina hiyo. Kwa hivyo nimekaa nikaandika, nikiwa na chai yangu na bila mtu wa kuniharakisha. Mkichoka na maneno ya udongo, rukeni mpaka mahali pa kuku.

Naitwa Mutiso. Kabla ya kazi hii nilikuwa mchonga mawe kule Lukenya. Mgongo ulipoanza kunisumbua nilirudi kwetu Kangundo, nikawa mtu wa vibarua: leo kuchimba shimo la choo, kesho kuchuma kahawa ya watu. Ndipo mama mmoja akanitumia ujumbe kwamba ana mitaro ya kuchimbwa, kazi ya siku chache. Nilienda na sururu yangu begani. Siku zile chache ndizo zimenifanya kuwa mzee.

Mama huyo ni Mama Nduku. Alikuwa mkunga, na hata baada ya kustaafu sauti yake ilibaki ile ya kuamrisha watu wasukume. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia ardhi pana kwenye mteremko unaoshuka kutoka Kangundo kuelekea Yatta. Msidanganywe na kijani mnachokiona leo. Miaka ile ya tisini mwanzoni, ile ardhi ilikuwa imechoka mpaka mbuzi walikuwa wanaipita tu bila kuinamisha kichwa. Kila mvua ikinyesha, udongo mwekundu unashuka na maji, na chini kule korongo linazidi kupanuka.

Mama Nduku hakutaka kuuza, na hakutaka kukaa peke yake. Akaita familia chache waje wajenge kwake. Kila nyumba na jiko lake na bustani yake, lakini maji, miti na mboji ni vya wote. Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Musyoka, mgane aliyestaafu kufundisha shule za msingi. Yeye ndiye aliyekwenda kusomea hii elimu tunayoiita pamakacha, akarudi na michoro mikubwa kama shuka. Wa pili ni Wambui, mama mfanyabiashara aliyekuwa amehamia Yatta kutoka Murang'a na kuchoka na kiangazi cha kule. Kulikuwa na familia nyingine mbili tatu, na mimi, ambaye nilikuja kuchimba na sikuondoka.

Pamakacha ni nini? Mtaisomea kwenye vitabu vyenu. Kwa maneno yangu ya mtaroni, ni kupanga boma ili kila kitu kisaidie kingine, na maji yasitoke kwako kabla hayajapitia kila mahali. Maji ya kuogea yanaenda kwa ndizi. Kuku wanachakura mahali utakapopanda sukuma, wanakutolea wadudu na kukuwekea mbolea. Jivu la jikoni linaenda chooni, na choo baadaye kinaenda kwa miti. Hilo la choo nitalirudia, msikunje pua mapema.

Sasa kuku.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Kwa hicho unatafuta usawa kwenye mteremko, ili mtaro wako ulale sawasawa na maji yakae, yasikimbie. Kabla ya kukitumia unakisimamisha, unaweka alama mahali kamba inapogusa kijiti cha katikati. Unageuza miguu ibadilishane nafasi, unaweka alama nyingine. Katikati ya alama zile mbili ndipo usawa wako ulipo. Ni rahisi, lakini kuna kitu hakikuwa kwenye michoro ya Mwalimu: upepo. Tulipima mtaro wetu wa kwanza mwezi wa Agosti, wakati upepo wa huku unaweza kukuvua kofia na wazo pamoja. Jiwe linapepea, sisi tunasoma, tunapigilia vijiti, tunasonga mbele kwa furaha.

Mvua ya Novemba ikaja kukagua kazi. Maji badala ya kulala yakaelekea yote upande mmoja, yakaruka ukingo, yakaingia kwa kuku wa Wambui. Niliamshwa asubuhi na kelele zake: "Woi, Mutiso! Kuku wanaogelea!" Wengi walikuwa wamekwea juu ya paa, wamelowa na kukasirika. Mmoja hakuonekana.

Alionekana saa ya chai. Jirani wetu wa chini, Kisilu, mtu wa ng'ombe, alipanda mteremko akiwa amemshika kwapani, na mkono wa pili amebeba karai la Wambui.

"Hii kuku ni yenu?" aliuliza. "Imekuja kwangu na meli."

Mwalimu Musyoka alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Halafu akainuka, akachukua kile kifaa chake, akaanza kupima upya palepale, na safari hii akanisimamisha mimi upande wa upepo nimkinge kwa koti. Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Yeye hakuwa mtu wa kuficha alipokosea. Alikuwa mtu wa kukosea kwa sauti kubwa na kusahihisha kwa sauti kubwa zaidi. Tangu siku ile nikajua pia kwamba kila mtaro, hata uliopimwa vizuri namna gani, lazima uwe na mlango wake wa kutolea maji yaliyozidi, uliowekwa mawe, na uelekee mahali ulipochagua wewe. Usipochagua, maji yatachagua, na yanapenda sana kuku.

Kisilu alitucheka miaka mingi. Sisi tulikuwa tunaokota majani makavu ya watu, mabua, nyasi, chochote, na kutandika chini ya miti ili udongo usikauke. Yeye akipita na ng'ombe wake anasimama kwenye ua. "Watu wa majani! Kitanda mmeshatandika. Mgonjwa yuko wapi?" Na kwa kuwa nimefika kwenye matandazo: msiyasukume mpaka yaguse shina. Acheni nafasi ya kiganja. Huku kwetu mchwa ni wengi, na ukimwekea mchwa daraja la majani mpaka kwenye mti, atapita. Lakini msimchukie. Akiwa na majani makavu ya kula huwa anauacha mti mbichi, na mashimo yake yanaingiza maji chini kuliko sururu yangu.

Haya, choo. Tulikuwa na choo kikavu, unamwaga jivu na majani badala ya maji, na kikijaa unakifunga kikae mwaka mzima na zaidi mpaka kiwe udongo usio na harufu. Udongo ule tulikuwa tunaupeleka kwenye ndizi peke yake, kamwe si kwenye mboga. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kutembelea. Mmoja aliomba msalani, akarudi ameshika mkoba wake kifuani kama mtu aliyeona jambo. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kila kona ya kilima. Wambui alipofika soko la Kangundo na ndizi zake, mteja wake wa kila wiki akamuuliza mbele ya watu, "Hizi ndizi ni zile za choo?"

Wambui alimenya moja, akaila polepole yote, akapangusa mikono. "Na ile kunde umenunua hapo," akasema, "ng'ombe aliyeiwekea mbolea, alikuwa anaenda msalani wapi?"

Soko lilicheka. Ndizi ziliisha kabla ya saa sita. Mama Nduku aliposikia akasema Wambui angefaa kuwa mkunga, kwa sababu anajua kumtuliza mtu mwenye hofu bila kumwambia uongo.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya kuishi pale. Sitaki mfikiri ilikuwa mbinguni. Tuligombana kuhusu bata, kuhusu nani amechukua majembe na kuyaacha na udongo, kuhusu redio ya mtu fulani ambaye sasa nimestaafu na sihitaji jina langu litajwe. Waliogombana kuliko wote ni Mama Nduku na Mwalimu. Waligombana kila siku ya Mungu. Mama anataka mti wa mukau hapa, Mwalimu anasema mukau utaziba jua la mboga. Mwalimu anataka mtaro upite juu ya nyumba, Mama anasema juu ya nyumba yake maji hayapiti akiwa hai. Wakimaliza wanakunywa chai pamoja. Mgeni angedhani ni maadui. Sisi tulijua kwamba siku wasipogombana, mmoja wao ana homa.

Sasa niwaambie kuhusu silanga. Lile bwawa mnalopigia picha bata, tulilichimba kwa mikono, mahali ambapo mitaro yote inamwagia. Kuchimba si kazi. Kazi ni kulifanya lisivuje. Saruji hatukuwa nayo. Mwalimu alisema tulete udongo wa mfinyanzi, tuumwage chini, tuulowanishe, halafu ukanyagwe mpaka ushikane. Tulikanyaga sisi, watu wazima, tukizunguka kwenye matope kama harusi, na bado maji yakawa yanapotea. Ndipo nikaenda kwa Kisilu kumwomba ng'ombe.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukanyaga."

Aliniangalia. "Mutiso, nyinyi watu mnahitaji maombi." Lakini aliwaleta. Kundi lake lote lilizunguka ndani ya lile shimo siku kadhaa, yeye akiwachunga kwa kupiga mluzi, na kwato zile zikafanya kitu ambacho miguu yetu haikuweza. Mvua za El Nino zilipokuja, silanga ilijaa mpaka mlangoni na haikushuka. Mwalimu akaweka samaki. Pembeni yake, upande wa juu, akapanda michungwa, ambayo aliibebesha mwenyewe kwa wembe juu ya mashina ya ndimu kali. Alikuwa anaitembelea kila asubuhi na kikombe chake cha chai. Nilikuwa nafikiri anazungumza nayo.

Kisha mvua ikakatika.

Wale mliozaliwa baadaye hamwezi kujua miaka ile. Baada ya maji mengi vile, ikaja kavu. Mvua ya kwanza ikapita bila kutua, ya pili ikanyunyiza vumbi tu na kwenda zake. Mito ya mchanga ambayo ukichimba kidogo unapata maji, watu walichimba mpaka kichwa cha mchimbaji kisionekane. Ng'ombe walianza kuanguka. Kwetu, katikati ya kilima chote kilichokuwa rangi ya biskuti, palikuwa na kijani. Na silanga ilikuwa na maji.

Kisilu alikuja adhuhuri moja. Hakuwa na mzaha mdomoni. Alisimama nje ya ua mpaka Mama Nduku alipotoka.

"Uvoo, mwaitu," alimsalimu. Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba.

"Museo, mwanangu. Ingia."

"Siingii. Nimekuja na neno moja. Nimebaki na ng'ombe wachache na wamelala chini. Kisima changu kimekauka, na cha jirani yangu pia. Naomba maji. Na nisikufiche, ukinipa mimi, kuna wengine nyuma yangu."

Mama Nduku alimwambia aende nyumbani, atapata jibu kabla jua halijatua.

Tulikutana jikoni kwake, sote, sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ikichemka katikati. Mwalimu alisimama kama yuko darasani. Hakuwa mtu mchoyo, nataka mlijue hilo. Alikuwa amechomeka kijiti chenye alama kwenye silanga na alikuwa anakisoma kila siku.

"Maji yaliyobaki," alisema, "yanatosha sisi na miti mpaka mvua ya Oktoba, tukijibana. Tukiongeza ng'ombe mmoja tu, pengine. Lakini si mmoja. Tukifungua, silanga itakauka, na miti michanga itakufa. Kazi ya miaka yote hii."

"Na wakija wengine tutawafukuza?" Wambui aliuliza.

"Hatutaweza kuwafukuza. Ndiyo maana nasema tusifungue."

Mama Nduku alikuwa anakoroga sufuria. Hakugeuka. "Mwalimu, hesabu yako ni sawa?"

"Ni sawa."

"Najua ni sawa. Wewe hukosei hesabu." Akaweka mwiko chini. "Huyo Kisilu nilimpokea kwa mikono hii. Alitoka miguu kwanza, mama yake karibu atuache. Na wengine walio nyuma yake, wengi wao ni mimi niliwapokea. Sasa nikae hapa nimwagilie machungwa, wao wanapita hapo nje na mitungi mitupu?"

Nilimwona Mwalimu akitazama dirishani, upande wa silanga. Nilidhani anatafuta hoja nyingine.

Tuliinua mikono. Waliotaka ifunguliwe walikuwa wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwalimu hakuinua mkono upande wowote.

Kazi ya kugawa maji ilinipata mimi. Tuliweka masharti: ng'ombe hakanyagi silanga, maana safari hii kwato zingebomoa ule udongo wa mfinyanzi badala ya kuushindilia. Nilipasua mapipa nikayaweka nje ya ua yawe mahali pa kunywea, na watu wanachota kwa mkono na kujaza. Anayekuja na ng'ombe anaacha samadi yake kwenye lundo letu la mboji. Asubuhi za mwanzo walikuja majirani. Baadaye wakaja watu ambao sikuwajua, wametembea kutoka mbali, wanasalimia kwa adabu ya watu wenye haya. Nilijifunza kugawa kuanzia kwa wenye watoto mgongoni. Nilijifunza kutomwangalia mtu machoni anapokunywa.

Kila siku kile kijiti cha Mwalimu kilionyesha mstari mwingine. Aliendelea kukisoma. Alikuwa anasoma, ananiambia "Asante Mutiso," kisha anaenda kusimama kwa michungwa yake. Tuliacha kuimwagilia. Aliiongezea matandazo, akaikata matawi ili isihitaji maji mengi, akaikinga jua kwa magunia. Majani yalijikunja kwanza, yakawa kama ngozi, yakaanguka. Miti mikubwa ya asili ilistahimili, mukau na mikunga, na mbaazi pia. Michungwa haikuweza.

Silanga ilipobaki kama dimbwi, samaki walionekana migongo. Tuliwatoa kwa karai. Sasa sisi wa huku, miaka ile, samaki tulimwona kama nyoka aliyekosa bahati. Hata Wambui, ambaye angeweza kuuza jiwe, alikuwa amesimama mbali. Ni Mwalimu aliyekunja mikono ya shati. Alikuwa amewahi kufundisha kule ziwani. Akatuonyesha namna ya kupara magamba, kupasua tumbo, kukaanga mpaka kichwa kiwe kikavu. Tulikula pamoja na Kisilu na mkewe na watu waliokuwa wamekuja kuchota. Tulicheka siku ile, tukitemeana miiba. Mwalimu alikula kidogo akatuhudumia sote.

Asubuhi yake alichukua shoka akaikata michungwa mwenyewe, mmoja mmoja, akazipanga kuni vizuri kando ya jiko la Mama Nduku. Halafu akaja kuniaga. Begi lake lilikuwa dogo.

"Naenda Kithyoko kwa binti yangu," alisema. "Mwambie Mama kuni zikikauka zinawaka vizuri."

"Si umwambie mwenyewe, Mwalimu."

"Mwambie wewe."

Nilimwambia. Mama Nduku alikaa kwenye kigoda akaziangalia zile kuni muda mrefu, na siku ile hakupika.

Mvua ilichelewa, lakini kabla haijaja kuna jambo lilitokea. Silanga ikiwa tupu kabisa, nilikuwa nafikiri namna nitakavyotoa tope lililokuwa limejaa chini, peke yangu na mgongo huu. Nikasikia mluzi. Kisilu alikuwa anapanda na koleo, na nyuma yake mkewe, na nyuma yao watu na watu, akina mama na vyondo vya kubebea udongo, wakiimba. Ilikuwa mwethya kamili, ile kazi ya pamoja ya majirani ambayo kwa kawaida ni lazima uiitishe na kuipikia. Sisi hatukuwa tumeiitisha, na hatukuwa na cha kupika. Walikuja na chakula chao. Walizoa tope lote wakaliweka mashambani, kwetu na kwao, wakaliongeza shimo upana. Kisilu aliporudi na ng'ombe waliosalia kukanyaga udongo wa mfinyanzi, aliniambia, "Safari hii usiniombe. Hii ni silanga yetu."

Mvua ikanyesha. Silanga ikaanza kukusanya. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa Mama Nduku, ambaye alikuwa hana wa kumpinga. Anasema jambo, sote tunakubali, naye anakasirika. Mwishowe akaniita.

"Mutiso, nenda Kithyoko."

"Nimwambie nini?"

Alifikiri. "Mwambie sina mtu wa kugombana naye."

Kithyoko ni mbali na ni joto, karibu na mto Tana. Nilimkuta binti yake, Mueni, kwenye lango, akanipokea kama mtu aliyeletewa mwokozi. "Mjomba, tafadhali ongea na baba. Amechimba uwanja wote. Amenipimia mpaka mlango wa jikoni, anasema umeangalia mahali pabaya."

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anapigilia vijiti. Aliponiona hakushangaa. Tuliketi kwenye ukingo wa mtaro wake mpya, na nilipomaliza salamu nikatoa ule ujumbe.

Alicheka kidogo, puani. Kisha akachezea udongo kwa kidole, hata nikadhani amekataa.

"Ile michungwa," alisema, "niliibebesha kutoka kwa mti wa mke wangu. Ule wa nyumbani kwetu kwa zamani, alioupanda yeye. Nyumba ile ilipouzwa nilienda nikakata vikonyo kabla mwenye kununua hajaung'oa. Ndiyo yote yaliyokuwa yamebaki."

Nikauliza, "Mama Nduku anajua?"

"Hajui."

"Mwalimu! Siku ile jikoni, kwa nini hukusema?"

Aliniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. "Ningesema, angeifunga silanga. Unamjua. Angeifunga kwa ajili yangu, na Kisilu angerudi na mitungi mitupu. Nilitaka anikatalie kwa hesabu. Kwa hesabu nilijua ataweza kunikatalia."

Akaokota kijiti, akakipangusa udongo. "Usimwambie, Mutiso."

Sikumwambia. Wote wawili sasa wamepumzika, na Mueni amenipa ruhusa, ndiyo maana nyinyi mnasoma.

Tulirudi pamoja. Kutoka barabarani tulipanda kwa miguu, na Kisilu alitukuta njiani, akamnyang'anya Mwalimu begi bila kuuliza akalibeba kichwani mbele yetu, akipiga mluzi kuwajulisha watu. Pale silanga akina mama waliokuwa wakichota walisimama wakamwamkia, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu aliitikia kila mmoja, lakini upande ule wa juu, kwenye visiki, hakuutazama.

Mama Nduku alikuwa amekaa nje ya jikoni akiambua mbaazi mbichi. Hakusimama. Alisogeza ungo kidogo, katikati, mtu wa pili aweze kuufikia, akasukuma kigoda kwa mguu. Mwalimu akaketi. Wakaambua. Mimi nilisimama pale na sufuria ya chai, nikiogopa kuiweka chini.

"Pale juu ya silanga pako wazi," Mama Nduku alisema baadaye, macho kwenye mbaazi. "Panahitaji kitu."

"Nitapanda ndizi."

"Ndizi! Ndizi tunazo mpaka bata wanazikataa. Panda machungwa."

"Machungwa yanakunywa maji sana, Mama."

"Na silanga iko pale ya nini?"

"Kukija kiangazi kingine?"

"Kikija, tutagombana tena. Nimesema machungwa."

"Na mimi nimesema ndizi. Na huo ua wako umejengwa vibaya, maji yatapita hapo yote."

"Ua wangu? Mwalimu, ua wangu umekukosea nini?"

Sauti zilikuwa zinapanda. Kule silanga watu walikuwa wamegeuza vichwa, na nilimsikia Wambui akiwaambia wageni wasiwe na wasiwasi, hao wawili wazima kabisa. Nikaweka chai katikati yao, hakuna aliyeiona, nikachukua jembe langu nikaenda kufungua mtaro wa juu, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Yatta.